UZI: Mafundi wa rada na madaktari wao, 1942 hadi 1980. Nani alipimwa, kwa kifaa gani, akalinganishwa na nani?

Sentimita_Kumi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mjadala wa minara ya simu ukiibuka humu, watu hurushiana namba mbili: Marekani walimruhusu mfanyakazi miliwati 10 kwa kila sentimita mraba ya mwili, Wasovieti wakaruhusu maikrowati 10. Tofauti ni mara elfu moja. Mmoja anadai Wasovieti walijua siri, mwenzake anajibu kwamba walitia chumvi. Nafungua uzi huu tuziangalie tafiti zenyewe. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: pande zote mbili hawakujua sawasawa mfanyakazi alikuwa amepigwa na mawimbi kiasi gani, na karibu kila mgongano wa matokeo unaanzia hapo.

Magnetroni (valvu, yaani taa ya elektroniki, inayozalisha mawimbi ya rada) yenye uwezo mkubwa ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1940, na Septemba mwaka huohuo Waingereza wakaipeleka Marekani. Ghafla ikawezekana kutoa kilowati nyingi za mpigo (rada hurusha mawimbi kwa vipande vifupi vifupi) katika mawimbi ya sentimita 10. Mafundi wakawa wanashinda mbele ya antena, na uvumi ukaenea kwamba rada inaleta utasa na upara.

Jeshi la Majini la Marekani likamwachia daktari wake, Daily, kazi ya kuwachunguza watumishi wa maabara yao ya utafiti Washington. Alichapisha mwaka 1943: watu 45, wengine wakiwa na miezi michache tu kazini, wengine miaka kadhaa. Hakukuta madhara ya kudumu, ila baadhi walilalamika maumivu ya kichwa na kuhisi joto usoni walipofanya kazi karibu na mtambo. Mwaka 1945 Lidman na Cohn wakapima damu za wanajeshi wa rada, nao hawakuona dalili kwamba utengenezaji wa damu umeguswa.

Tafiti hizo zilituliza watu. Lakini zitazameni vizuri. Watu 45 ni wachache mno kuonyesha ugonjwa unaompata mmoja katika mia. Tena kundi la Daily lilichanganya watu wa rada na watu wa redio za masafa ya juu, na mawimbi ya mita moja na nusu hayaingii mwilini kama ya sentimita 10. Na ugonjwa unaohitaji miaka 10 kujitokeza hauwezi kuonekana kwa mtu mwenye miezi sita kazini.

Karibuni wenye ujuzi. Nawaomba sana watu wa macho na watu wa vipimo.

---

Mwanga_wa_Lenzi

Asante mkuu. Nachukua upande wa macho, maana ndipo ushahidi wa kwanza usiopingika ulipotoka.

Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu. Msuli ukipata joto, damu inalibeba kwenda kwingine. Lenzi haina msaada huo, inategemea maji yanayoizunguka. Protini zake zikiharibika kwa joto hazirudi, na seli zake hazing'olewi, hubaki humohumo maisha yote. Ndiyo maana ukungu ukishaingia hubaki.

Waliolionyesha hili kwa wanyama ni Mayo Clinic kule Minnesota na Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 1948. Mayo walikuwa wakijaribu maikrowevu (mawimbi mafupi ya aina ya rada) kama tiba ya kupasha viungo, kwenye megahezi 2450. Kazi za baadaye zilipata kizingiti cha sungura: kama miliwati 150 kwa sentimita mraba kwa dakika 100, jicho likiwa karibu na chanzo, ndipo lenzi inapata ukungu. Megahezi 2450 ni masafa mabaya kwa jicho kwa sababu mawimbi yake hupenya takriban sentimita moja na nusu hadi mbili kwenye tishu yenye maji mengi, kwa hiyo joto linaishia nyuma ya lenzi. Ukipanda hadi gigahezi 10 kina hicho kinashuka hadi milimita tatu hivi, na joto linabaki mbele, kwenye konea, ambako mtu anahisi maumivu mapema na kuondoka.

Kisa cha kwanza cha binadamu kilichoandikwa kwa makini ni cha Hirsch na Parker, 1952. Fundi wa jenereta ya maikrowevu alipata ukungu macho yote mawili. Kazi yake ilimfanya aangalie ndani ya antena ya pembe (yenye umbo la tarumbeta) huku mtambo ukiwa hewani, yaani unarusha mawimbi, na walikadiria kwamba pale alipoweka uso nguvu ilikuwa kama miliwati 100 kwa sentimita mraba. Mtu mmoja hathibitishi kitu peke yake, lakini pale palikuwa na vitu vitatu vinavyoendana: umbali, makadirio ya nguvu, na ukungu wa aina ileile iliyoonekana kwa wanyama, yaani nyuma ya lenzi chini ya utando wake.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuhesabu mtoto wa jicho kwa mafundi, na hapo matatizo yakaanza. Lenzi ya mtu yeyote mwenye miaka 35 ina vidoa. Ukimtanua mboni na kumweka kwenye darubini ya mwale mwembamba utavikuta tu. Bila uchunguzi wa siku aliyoajiriwa huwezi kusema kidoa hiki kimeletwa na rada. Na mchunguzi akijua huyu ni fundi wa rada na yule ni karani, mkono wake unaandika vidoa vingi zaidi kwa fundi, hata kama ni mwaminifu.

Zaret na wenzake walijitahidi. Ripoti yao ya 1963 ilikuwa na wafanyakazi 736 wa maikrowevu na watu 559 wa kulinganisha, wakaweka alama za madaraja kwa kasoro za lenzi. Walikuta kasoro kidogo zaidi upande wa nyuma wa lenzi kwa mafundi, bila kupungua kwa uwezo wa kuona. Kisha Cleary, Pasternack na Beebe (1965) wakaligeuza swali: wakachukua maveterani 2,946 waliotibiwa mtoto wa jicho kwenye hospitali za maveterani, na wengine 2,164 wasio nao, wakauliza ni wangapi walifanya kazi ya rada. Hawakuona tofauti.

Watu husema matokeo haya yanapingana. Sioni hivyo. Moja lilitafuta vidoa vidogo kwa darubini, jingine lilitafuta wagonjwa waliofika hospitali. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

---

Mzee_Saketi

Daktari umefafanua vema. Mimi nakuja na upande wa mita, kwa sababu namba zote za "kiasi alichopigwa" kwenye ripoti hizo zinatoka kwa watu kama sisi, na nyingi ni mbovu.

Chukueni mtambo wa kawaida wa enzi hizo. Nguvu ya kilele kilowati 250, mpigo wa sehemu moja ya milioni ya sekunde, yaani maikrosekunde 1, mapigo 1,000 kwa sekunde. Zidisha: 250,000 × 0.000001 × 1,000 = wati 250 za wastani. Hiyo ndiyo inayopasha mwili. Aliyesoma kibao cha mtambo na kuandika kilowati 250 amekosea mara elfu moja, na ripoti za namna hiyo zipo.

Sasa sahani ya antena, kipenyo mita 1.2, mawimbi sentimita 10. Eneo lake ni mita mraba 1.13. Karibu na sahani, kiwango cha juu kabisa kinachoweza kupatikana ni mara nne ya wati kugawa eneo: 4 × 250 ÷ 1.13 = wati 885 kwa mita mraba, sawa na miliwati 88 kwa sentimita mraba. Na hali hiyo ya karibu inaendelea hadi kipenyo kwa kipenyo kugawa na mara nne ya wimbi: 1.44 ÷ 0.4 = mita 3.6. Ndani ya mita hizo 3.6 nguvu haishuki kwa kanuni ya mraba wa umbali. Inapanda na kushuka sehemu kwa sehemu.

Waliotumia kanuni ya mbali (hiyo ya mraba wa umbali) wakiwa karibu walipata maajabu. Kwa antena hiyohiyo, ukiweka mita 1 kwenye kanuni ya mbali unapata karibu miliwati 1,700 kwa sentimita mraba. Ukweli hauzidi 88. Kosa la mara 19! Daktari akiipokea namba hiyo ataandika kwamba binadamu alistahimili miliwati 1,700 bila kuumia, na kizingiti kitapandishwa bila sababu.

Ukiacha hesabu, mita zenyewe zilikuwa antena ndogo ya pembe iliyofungwa kwenye kipinga kinachobadilika kwa joto. Zilikuwa na kasoro tatu ambazo msomaji wa ripoti hizi lazima azikumbuke. Zinapima mwelekeo mmoja tu wa wimbi, kwa hiyo ukizungusha pembe nyuzi 90 sindano inaanguka karibu sifuri. Pembe yenyewe ni kubwa, kwa hiyo karibu na antena inavuruga uwanja unaoupima. Na mpimaji anasimama hapohapo, mwili wake unarudisha mawimbi, ukisogea hatua moja usomaji unabadilika. Vichunguzi vinavyopokea kutoka pande zote viliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya karibu tafiti zote zinazotajwa hapa kuisha.

Tena antena inazunguka. Fundi anayepita mbele ya sahani inayozunguka anapata sehemu ndogo tu ya kiwango hicho. Fundi aliyesimamisha mzunguko ili afanye marekebisho huku mtambo unarusha anapata chote. Wote wawili kwenye faili la afya wameandikwa "fundi wa rada, miaka 4".

---

Kijana_wa_Udom

Shikamoo Mzee Saketi. Swali: ile miliwati 10 ilitoka wapi basi, kama vipimo vilikuwa vibovu hivyo? Na nimesoma mahali kwamba kampuni moja ilikuta mafundi wanatokwa damu.

---

Sentimita_Kumi

Kijana, hayo mawili yamefungamana.

Daktari McLaughlin alikuwa mshauri wa afya wa kampuni ya Hughes Aircraft, California. Mwaka 1953 aliwapelekea wanajeshi ripoti yenye visa vya kutokwa damu ndani kwa ndani, mtoto wa jicho na maumivu ya kichwa. Ripoti hiyo haikuwa na kundi la kulinganisha, lakini iliwatikisa, na Aprili 1953 Jeshi la Majini likaitisha kikao Bethesda. Mwaka 1957 McLaughlin akachapisha kisa cha fundi aliyesimama mbele ya antena, akahisi joto tumboni, na baadaye akafa. Yeye alisema ni maikrowevu iliyopika utumbo, madaktari wengine wakasema ni kidole tumbo kilichopasuka kwa kawaida yake. Mimi naona waliompinga walikuwa na hoja, maana kidole tumbo hupasuka kwa watu wasiowahi kuona rada, ila kisa kile kiliwalazimisha watu kuuliza.

Namba ilitoka kwa Herman Schwan, mtaalamu wa fizikia ya mwili Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hoja yake ilikuwa ya joto tupu. Mtu aliyetulia anazalisha takriban wati 100. Upande mmoja wa mwili unaoelekea antena, ukiwa na sentimita mraba 10,000 kwa makadirio ya juu, ukipigwa na miliwati 10 kwa kila sentimita, jumla ni wati 100. Kwa hiyo mzigo wa nje unalingana na ule ambao mwili unaumudu kila siku, na sehemu ya mawimbi inarudishwa na ngozi isiingie. Kwenye miliwati 100 jumla ni wati 1,000, na hapo mwili unashindwa. Akaweka kikomo mara kumi chini ya hatari.

Angalia sasa: Bell Telephone Laboratories walianza na miliwati 100 ileile kama hatari, wakagawa kwa elfu, wakawaambia watu wao wasizidi 0.1. General Electric mwaka 1954 wakachagua 1. Jeshi likachagua 10. Msingi mmoja, vikomo vitatu; tofauti ni tahadhari ya kila mmoja.

Na hesabu ya Schwan ina sharti ambalo watu hulisahau: mtu ametulia, mahali pana ubaridi, hewa inapita. Mvalishe ovaroli, mpandishe mlingotini Kilindini saa saba mchana Februari, nafasi yake ya kutoa joto imeshaliwa na jua.

---

Takwimu_Tupu

Naongezea kuhusu damu, kwa sababu ni somo zuri la jinsi utafiti unavyopotea.

Kampuni ya ndege ya Lockheed, Burbank, California, daktari Barron na wenzake walifanya kazi safi kuliko McLaughlin. Ripoti ya 1955: wafanyakazi wa rada 226 na 88 wa kulinganisha. Ile ya 1958 iliwafikisha 335. Uchunguzi wa mwili mzima, macho, picha ya kifua, damu, mkojo. Duru ya kwanza ilionyesha hesabu ya chembe nyeupe imebadilika: aina moja imepungua, nyingine zimeongezeka. Mtu mwenye haraka angeshatangaza. Walipofuatilia wakagundua kwamba mabadiliko yalitokana na namna mhudumu wa maabara alivyozitambua chembe kwenye kioo cha darubini. Msomaji wa slaidi ndiye aliyebadilika, damu haikubadilika.

Dawa yake ni rahisi na ilijulikana hata wakati ule. Slaidi zichanganywe, za mafundi na za watu wa kulinganisha, ziwe na namba bila jina, zisomwe na mtu mmoja kwa wiki moja, na kila ya kumi irudishwe kwake bila kuambiwa ili uone kama atatoa jibu lilelile.

Kati ya 1957 na 1960 majeshi matatu ya Marekani yakaunganisha nguvu chini ya Kanali Knauf, kituo kikiwa kambi ya jeshi la anga ya Griffiss, New York. Mikutano minne. Pesa nyingi zilikwenda kwa wanyama. Michaelson wa Chuo Kikuu cha Rochester aliweka mbwa kwenye megahezi 2800, miliwati 165 kwa sentimita mraba, akaona hatua tatu: joto la mwili linapanda, kisha linatulia kwa muda kwa sababu mbwa anahema na kujimudu, halafu ghafla linapanda tena bila breki. Asipotolewa hapo anakufa. Hatua ile ya katikati ndiyo ya kuiogopa. Anayeangalia kipimajoto kwa dakika 40 anaweza kuandika kwamba mnyama amezoea.

Lakini katika mpango wote ule, mfanyakazi mwenyewe alifuatiliwa kidogo sana. Hilo nalilaumu waziwazi. Mwaka 1966 kikomo cha miliwati 10, wastani wa dakika 6, kikawa kiwango cha taifa.

---

Bi_Zuhura_AfyaKazini

Hodi. Mmefika mahali pangu. Moscow walianzia mlango mwingine kabisa, na nisingependa wasomaji waondoke wakidhani ni siasa tu.

Taasisi ya Usafi wa Kazi na Magonjwa ya Kazini ya Moscow ilikuwa na Zinaida Gordon upande wa vipimo na mazingira ya kazi, na Maria Sadchikova upande wa kliniki. Waliwafuatilia zaidi ya wafanyakazi 1,000 kwa miaka, wengi wakiwa watu wa viwandani wanaorekebisha na kujaribu mitambo. Jambo walilofanya ambalo Marekani walilifanya kidogo tu ni kumwita mfanyakazi yuleyule tena na tena, mbele ya daktari wa neva, daktari wa magonjwa ya ndani na daktari wa macho.

Waliandika nini? Kuumwa kichwa mwisho wa zamu, uchovu usioisha kwa kulala, usingizi mbaya, hasira za haraka, kusahau. Kwenye kitanda cha uchunguzi: mapigo ya moyo ya polepole, presha ya chini, mikono yenye jasho, vidole kutetemeka. Walipima hata pua. Lobanova na Gordon walitafuta kiwango kidogo kabisa cha harufu ambacho mfanyakazi anaweza kukinusa, wakaona unusaji umepungua. Wakaziita hali hizo kwa ngazi: kwanza uchovu wa neva, kisha kuyumba kwa moyo na mishipa, na mwisho ile wanayoihusisha na sehemu ya chini ya ubongo. Ngazi ya kwanza, walisema, inarudi ikiwa mtu ataondolewa kazini mapema.

Kikomo chao cha 1958 si namba moja. Siku nzima ya kazi, maikrowati 10. Hadi saa mbili kwa siku, maikrowati 100. Dakika 15 hadi 20, miliwati 1, na miwani ya kinga ni lazima. Hesabu ilivyoelezwa: kwenye miliwati 1 kwa saa moja mabadiliko yanaonekana, gawa kwa kumi kwa ajili ya siku nzima, gawa tena kwa kumi kwa ajili ya usalama. Prague, Karel Marha na wenzake wakaweka maikrowati 25 kwa mawimbi yasiyokatika na 10 kwa ya mapigo.

Falsafa nayo ni tofauti. Kule Moscow kikomo ni kile ambacho chini yake daktari haoni badiliko lolote mwilini, hata dogo. Pennsylvania kikomo ni kile ambacho juu yake mtu anaumia. Mkiuliza maswali mawili tofauti hamwezi kupata namba moja.

---

Mzee_Saketi

Bi Zuhura, naheshimu kliniki hiyo, lakini niulize kama fundi. Chumba cha kurekebishia mitambo kina kelele za feni, joto la valvu, mwanga hafifu, zamu za usiku, na volti za kuua. Mtu yeyote akikaa humo miaka mitano ataumwa kichwa. Watu wa kulinganisha walitoka wapi?

---

Bi_Zuhura_AfyaKazini

Mzee wangu, hapo umegonga penyewe. Ripoti nyingi za Kisovieti hazielezi vya kutosha watu wa kulinganisha walichaguliwaje, na dalili zenyewe ni za kawaida mno. Mapigo ya polepole na presha ya chini unayapata pia kwa kijana mwenye mazoezi. Kiasi cha mawimbi kimeandikwa kwa makundi mapana, kwa mfano "kutoka 0.1 hadi miliwati chache". Ndiyo sababu Wamarekani walizikataa. Kuzikataa lilikuwa kosa pia, kwa sababu jibu la utafiti wenye kasoro ni kuurudia vizuri, na karibu hakuna aliyeurudia.

Wapoland ndio walioziba pengo hilo. Czerski, Siekierzyński na Gidyński (1974) walichukua wanaume 841 wenye miaka 20 hadi 45, wote wa kazi hiyohiyo, wakawagawa kwa kiwango: 507 walikuwa kati ya miliwati 0.2 na 6, na 334 chini ya 0.2. Kelele, joto na zamu ni zilezile pande zote. Malalamiko ya neva yalikuwepo, lakini hayakuongezeka kwa kiwango cha mawimbi wala kwa miaka ya kazi. Kwangu mimi huo ndio utafiti bora wa kipindi kile, kwa sababu ya jinsi ulivyolinganisha.

Nisiwaache na picha kwamba kila dalili ilikuwa ya kufikirika. Romania, 1975, mafundi 31 walipimwa na mbegu za kiume zikaonekana zimepungua kwa wengi wao. Ni wachache, lakini korodani ni kama lenzi: haziwezi kuhimili joto la ndani.

---

Takwimu_Tupu

Kuhusu malalamiko ya "kufikirika", mfano wa Allan Frey ni wa kufundishia. Mafundi walikuwa wakisema wanasikia rada, mlio kama wa mdudu au mikwaruzo, hata wakiwa hawaelekei spika yoyote. Watu waliwapuuza. Frey, akiwa General Electric kule Ithaca, aliwapima na kuchapisha 1961 na 1962: kweli wanasikia, hata kwa wastani mdogo wa nguvu. Miaka ya 1970 ikaeleweka kwa nini. Kila mpigo unapasha tishu za kichwa kwa takriban sehemu ya milioni ya nyuzi moja, tishu zinatanuka ghafla, wimbi la sauti linakwenda hadi sikio la ndani. Wastani wa dakika 6 hauwezi kuliona jambo hilo hata kidogo.

Nataka pia kumtaja mchafuzi mkubwa wa matokeo: eksirei. Klistroni na thairatroni (aina za valvu za mitambo ya rada) zenye volti zaidi ya elfu 15 au 20 hutoa eksirei laini. Machi 1960, kituo cha Lockport, New York, mafundi waliumia kwa eksirei za klistroni isiyo na kinga, na aliyeangalia juujuu angesema ni maikrowevu. Ujerumani waliunda tume iliyotoa ripoti 2003 kuhusu wanajeshi wa rada, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa eksirei za valvu, wala si antena. Ripoti yoyote ya damu au saratani kwa mafundi wa zamani isiyotaja volti za valvu haijakamilika.

Angalizo la vitendo: mita ya Geiger (kipima eksirei) karibu na rada inaweza kudanganywa na mawimbi yenyewe. Funika kichunguzi kwa karatasi ya risasi. Kama usomaji haubadiliki, huenda unasoma mawimbi ya redio, si eksirei.

---

Kijana_wa_Udom

Na ule utafiti mkubwa wa wanamaji wa vita vya Korea?

---

Takwimu_Tupu

Robinette, Silverman na Jablon, 1980. Wanamaji kama 40,000 waliofunzwa kati ya 1950 na 1954, nusu kazi za mawimbi mengi, nusu kazi za mawimbi machache. Uzuri wake ni hapa: kundi la mawimbi machache lilikuwa na waendesha redio na waendesha rada. Ndiyo, mwendesha rada! Yeye anakaa chumba cha giza akitazama skrini, antena iko juu ya mlingoti. Anayepigwa na mawimbi ni fundi anayetengeneza. Tafiti za nyuma zilizoandika "mtu wa rada" ziliwatia wote kapu moja, na ukiwachanganya hivyo tofauti yoyote iliyopo inapungua.

Kwa sampuli ya mafundi walijumlisha nguvu za mitambo yote iliyokuwa kwenye meli au kikosi cha kila mtu, wakazidisha kwa miezi, wakapata namba ya hatari kwa kila mmoja. Ni makadirio ya ghafi, lakini ni bora kuliko cheo peke yake. Vifo na rekodi za hospitali havikuonyesha madhara yanayoweza kubandikwa maikrowevu. Ufuatiliaji wa Groves na wenzake, 2002, baada ya miaka zaidi ya 40, ulikuta vifo kwa jumla viko chini ya vya wanaume wengine wa nchi, saratani ya ubongo haikuzidi, lakini aina ya leukemia (saratani ya damu) isiyo ya limfu ilizidi kwa kundi moja kati ya matatu ya mafundi: wale wa elektroniki za ndege. Kundi moja, matatu yakitazamwa. Inaweza kuwa bahati, inaweza kuwa eksirei, viyeyusho au mawimbi. Takwimu zenyewe haziamui.

---

Nahodha_Msaidizi

Wakuu, nashukuru kwa darasa. Swali la kazini: rada ya meli, gigahezi 9.4, kilowati 25, antena ya mita 1.8. Kwa mnayoyajua, fundi aogope nini hasa?

---

Mzee_Saketi

Nahodha, tupige hesabu. Mpigo mrefu maikrosekunde 1, mapigo 600 kwa sekunde: 25,000 × 0.0006 = wati 15 za wastani. Mwale unatanuka wima kama nyuzi 25. Ukiwa mita 3 mbele ya antena iliyosimama, mwale una urefu wa mita 1.3 hivi na upana bado ni 1.8, kwa hiyo 15 ÷ 2.4 = karibu wati 6 kwa mita mraba, yaani miliwati 0.6 kwa sentimita mraba. Ikizunguka, unapigwa kama sehemu moja ya kumi ya muda: 0.06. Kikomo cha kimataifa cha 2020 kwa wafanyakazi ni wati 50 kwa mita mraba kwa wastani wa nusu saa, kwa hiyo uko chini sana. Kwa kipimo cha Moscow cha 1958, hata hiyo 0.06 ni mara sita juu ya ruhusa ya siku nzima. Hapo ndipo mnaona vikomo viwili vinavyoachana.

Hatari yenyewe iko kwenye bomba la mawimbi, lile la chuma linalobeba mawimbi kutoka mtamboni hadi antena. Likifunguliwa kwenye kiungo huku magnetroni inarusha, wati zile 15 zinatoka kwenye tundu la milimita 23 kwa 10. Hizo ni zaidi ya miliwati 6,000 kwa sentimita mraba pale mdomoni. Kuweka jicho pale kuangalia kama kuna maji au kutu ni kurudia kisa cha Hirsch kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kwa hiyo utaratibu: zima kwenye skrini, kisha zima swichi ya usalama iliyo kwenye kasha la antena, ng'oa fyuzi na ukae nayo mfukoni, tundika kibao cha onyo daraja la nahodha (chumba cha kuongozea meli). Subiri kapasita zitoe chaji, halafu zigusishe na fimbo ya kutuliza kabla ya kutia mkono, kwa sababu volti za pale zinaua kabla mawimbi hayajakupasha. Antena isisimamishwe kwa mkono mtambo ukiwa hewani. Na kabla hujafungua kiungo chochote cha bomba, mwite mwenzako daraja la nahodha mthibitishane kwa sauti kwamba mtambo umezimwa na fyuzi iko kwako.

---

Mwanga_wa_Lenzi

Naongeza moja kwa Nahodha. Kama una mafundi wapya, wapeleke kliniki ya macho kabla hawajaanza. Mboni zitanuliwe, lenzi zichorwe au zipigwe picha zote mbili, karatasi ibaki kwenye faili la mtu na nakala apewe mwenyewe. Rudieni kila baada ya miaka miwili, na mara moja kama mtu amepigwa na mwale kwa bahati mbaya, kisha tena baada ya wiki chache na miezi kadhaa, kwa kuwa ukungu wa joto huchelewa kuonekana. Aandike pia umbali, muda aliokaa, aina ya mpigo na kama antena ilikuwa inazunguka.